Maneno Yaliyojazwa Pamba: Maana na Matumizi ya Neno "Bombast"

Katika shule nyingi za Kenya na Uganda, mwanafunzi anayeambiwa kwamba Kiingereza chake ni "bombastic" hulipokea neno hilo kama tuzo. Anaelewa kuwa amesifiwa kwa kujua maneno ambayo wenzake hawayajui, na kwamba insha yake imepanda juu ya zao. Mwanafunzi huyohuyo akilitafuta neno hilo katika kamusi ya Kiingereza atashangaa kulikuta upande wa lawama, likielezwa kuwa ni sifa ya usemi wa fahari ambao jambo linalosemwa haliustahili. Kamusi haikukosea, na mwalimu aliyemsifu hakukusudia kumdhihaki. Neno limehama na kubadilika tabia njiani, na katika kuhama huko limeacha swali ambalo wasemaji wa Kiswahili tunakutana nalo kila siku, tuwe tunazungumza Kiingereza au lugha yetu wenyewe: usemi huanza kuwa mkubwa kupita kiasi kuanzia wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba usemi wa namna hiyo ni ule wenye maneno magumu au marefu. Jibu hilo halitoshi, na historia ya neno lenyewe inaonyesha kwa nini.

"Bombast" lilianza likiwa jina la kitu cha kushikika. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa cha zamani, na Kifaransa kililichukua kutoka Kilatini cha zama za kati, ambamo "bombax" lilikuwa jina la pamba. Katika karne ya 16 washonaji wa Uingereza walilitumia kwa pamba iliyoshindiliwa kati ya kitambaa cha nje na bitana ya koti la kiume, ili kifua kiinuke na tumbo litune. Mtindo wa wakati huo ulitaka mwanamume wa heshima aonekane na kiwiliwili kipana, na aliyekosa pamba alijaziwa sufu kuukuu, manyoya ya farasi au hata pumba za nafaka. Mwili ulibaki vilevile. Kilichoongezeka ni nafasi ambayo nguo ilichukua barabarani. Kabla karne hiyo haijaisha, waandishi wa tamthilia na vijitabu wa London walikuwa wameshalihamishia neno hilo kwenye lugha, wakisema shairi limejazwa "bombast" kama vile lingekuwa koti. Jina la kitambaa kizito, "fustian", ambalo wengi hulihusisha na mji wa Fustat nchini Misri, nalo lilihamishwa vivyo hivyo kwa maana hiyohiyo.

Zipo asili mbili za uongo ambazo husambaa sana. Ya kwanza inadai kwamba neno limetokana na tabibu wa Uswisi wa karne ya 16, Paracelsus, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa na "Bombastus" ndani yake na ambaye kwa kweli hakuwa mchache wa kujisifu. Kufanana huko ni kwa bahati tu, kwani Bombastus lilikuwa jina la ukoo wao. Ya pili inalihusisha neno hili na bomu, kwa fikra kwamba msemaji wa maneno makubwa analipua. Bomu lina asili nyingine kabisa, neno la Kigiriki la mvumo na ngurumo, na halina pamba yoyote ndani yake.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya pekee ya kuikumbuka asili iliyo sahihi. "Pamba" yetu huhesabiwa miongoni mwa maneno yaliyotufikia kutoka Kiajemi, ambako pamba huitwa "panbe", na neno la kale la Kiajemi hilohilo ndilo linalofikiriwa kuwa lilipita kwa Wagiriki wa Bizanti na kuingia Kilatini, ambako liligongana na jina la mdudu wa hariri na kupata umbo la "bombax". Kwa hiyo "bombast" na "pamba" ni ndugu waliopotezana, mmoja akielekea magharibi kwa njia ya nchi kavu na mwingine akishuka pwani yetu na majahazi. Kitenzi chetu cha kupamba ni cha Kibantu na hakimo katika undugu huo, ingawa sikio halikosi kuviunganisha viwili hivyo. Hata wataalamu wa mimea waliingia humu: msufi, ambao sufi yake hujaza mito na magodoro yetu, pamoja na mbuyu, kwa muda mrefu iliwekwa katika jamii ya mimea iliyoitwa Bombacaceae.

Picha hiyo ya pamba ndani ya koti inaeleza jambo ambalo methali yetu maarufu ya debe tupu hailielezi. Debe tupu halina kitu ndani. Koti lililojazwa pamba lina mtu ndani yake, tena pengine mtu mwenye haja ya kweli ya kusema, ila vipimo vyake vimedanganywa. Vijana wanaosema kwamba fulani "anaongea pumba" wanamtuhumu kwa kukosa maana kabisa, na hiyo ni tuhuma nzito zaidi. Anayelaumiwa kwa "bombast" huenda ana maana, na maana hiyo huenda ni sahihi; tatizo ni kwamba unapomshika mkono unakuta umeshika nguo.

Kasoro hii ilichambuliwa karibu miaka elfu mbili kabla ya makoti hayo kushonwa. Mwaka 405 KK, katika tamthilia ya vichekesho iliyochezwa Athens, Aristophanes alimwonyesha Euripides, mtunzi wa tanzia, akidai kuwa aliirithi sanaa ya tanzia ikiwa imevimba kwa majigambo na maneno mazito, akaikondesha kwa lishe na matembezi. Ulikuwa mzaha, lakini tayari lawama ilikuwa na jina lake la uvimbe. Mwanafalsafa Aristotle alikwenda ndani zaidi. Katika kitabu cha tatu cha mafunzo yake kuhusu balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi, alimchukua mwalimu mmoja wa ufasaha, Alcidamas, akazianika sentensi zake. Alcidamas hakuridhika kusema "jasho". Alisema "jasho la majimaji". Hakusema "sheria" bali "sheria, wafalme wa miji". Mtu hakwenda kwenye michezo ya Isthmia bali kwenye "mkusanyiko wa michezo ya Isthmia". Hukumu ya Aristotle ilikuwa kwamba kwa mwandishi huyu vivumishi havikuwa kiungo cha kukolezea chakula, bali vilikuwa ndicho chakula chenyewe.

Mifano hiyo inafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu hakuna neno gumu hata moja ndani yake. Jasho, maji, wafalme na mkusanyiko ni maneno ya kila mtu sokoni. Kinachochukiza ni kwamba "majimaji" haliongezi chochote kwenye jasho, kwa kuwa hakuna jasho kavu, na kwamba mtu anayekwenda kutazama michezo hana haja ya kupelekwa kwenye mkusanyiko wa michezo. Aristotle aliiita hali hii ubaridi: msemaji anatarajia msikilizaji apate joto, na msikilizaji anabaki kama alivyokuwa. Mahali pengine katika kitabu hichohicho anasema kwamba mtindo hufaa pale ambapo jambo zito halisemwi kwa uzembe na jambo dogo halisemwi kwa utukufu, na kwamba neno la kawaida likitundikwa pambo hugeuka kichekesho. Mshairi wa Kirumi Horace aliliweka wazo hilo katika picha ambayo haijasahaulika: milima inashikwa na uchungu wa kuzaa, na kinachozaliwa ni panya.

Aliyeandika kwa huruma zaidi ni mwandishi wa kale tunayemwita Longinus. Naye aliona uvimbe, akaulinganisha na ule wa mgonjwa aliyejaa maji mwilini, ambaye pamoja na maji yote hayo ndiye mkavu kuliko watu wote. Alicheka pia, akikumbusha kwamba Gorgias, mwalimu wa ufasaha wa Kigiriki, aliwahi kuwaita tumbusi "makaburi yenye uhai". Lakini aliongeza kuwa kosa hili ni gumu kuepukwa, kwa sababu wanaolifanya ni wale wanaolenga juu, wanaoogopa kuitwa wakavu na dhaifu, na wanaojipa moyo kwamba kuteleza katika jambo kubwa ni kosa la heshima. Nadhani hakuna maelezo ya haki zaidi ya kisa cha mwanafunzi wa darasa la nane anayeandika insha.

Tukiyakusanya haya, "bombast" ni kasoro ya uwiano. Kipimo chake ni umbali kati ya ukubwa wa usemi na ukubwa wa jambo, na umbali huo hauwezi kupimwa kwa kuhesabu silabi. Ndiyo maana ni lazima litenganishwe na majirani zake, ambao kwa Kiswahili mara nyingi huchanganywa nalo. Kupiga chuku ni kulikuza jambo lenyewe: samaki wa kilo mbili anasimuliwa kuwa papa. Katika "bombast" samaki anaweza kubaki na kilo zake mbili, ila anaitwa "kiumbe wa vilindi aliyejaaliwa mapezi na magamba". Anayepiga chuku amedanganya kuhusu samaki. Huyu wa pili hakudanganya chochote, na bado hatutaki kukaa naye meza moja. Kurefusha maneno nako ni kosa jingine, maana mtu anaweza kuchosha kwa maneno madogo madogo yasiyo na fahari yoyote.

Istilahi za kazi ndizo zinazoonewa zaidi. Mtu akimsikia wakili akitofautisha "mdaiwa" na "mshtakiwa" huweza kudhani kwamba anajitia makuu, lakini wa kwanza yumo katika kesi ya madai na wa pili katika kesi ya jinai, na kuwachanganya ni kumfanya mwenye deni awe mhalifu. Istilahi nzuri hufupisha: neno moja hubeba kile ambacho bila hilo kingehitaji sentensi nzima. Pamba hufanya kinyume chake.

Majigambo nayo yana hadhi yake. Katika fasihi simulizi ya Wahaya, kwa mfano, mtu kusimama mbele ya hadhira na kujitaja kwa sifa za ushujaa ni sanaa yenye kanuni, mapigo na wakati wake. Hadhira imekuja kwa ajili hiyo, na anayesimama hapo akajieleza kwa unyenyekevu wa mwombaji kazi atakuwa ndiye aliyekosea uwiano. Vivyo hivyo mtangazaji wa mpira redioni, ambaye huupandisha mpira wa kona hadi ukawa tukio la dunia nzima: msikilizaji anajua kuwa ni mchezo, na anataka ukuzwe. Fahari iliyoitwa na shughuli yenyewe haihitaji kuombewa radhi.

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwenye insha. Kwa karibu miaka arobaini mtihani wa darasa la nane nchini Kenya, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliwapa watahiniwa insha ya Kiswahili yenye alama 40, na katika kujiandaa nayo vizazi vya watoto vilikariri mianzo, tashbihi na methali za kuteremsha katika mada yoyote ile. Mfano ufuatao nimeuunda mwenyewe, lakini kila aliyepita huko atautambua mtindo wake:

"Majogoo yalikuwa yamewika na jua la matlai lilikuwa likipenyeza miale yake ya dhahabu dirishani mwangu nilipogutuka kutoka katika lepe la usingizi. Nilirauka nikiwa buheri wa afya, nikamshukuru Jalali kwa kunijaalia uhai, nikastaftahi kwa mikate iliyopakwa siagi, kisha nikashika tariki kuelekea sokoni, ambako mama alikuwa amenituma ninunue nyanya."

Nyanya zimefika mwisho wa aya zikiwa zimechoka. Hata hivyo maneno yenyewe hayana hatia. Matlai ni neno la mabaharia, linalotaja upande wa mawio na upepo utokao huko. Jalali limo katika tenzi na katika dua. Kurauka, kwa wenyeji wa pwani ya Kenya, ni kuamka mapema tu, na mtu hulitamka bila kujiona amepanda jukwaani. Kasoro iko katika kazi zinazofanywa na maneno hayo hapa, au tuseme katika kukosa kwake kazi. Kama kisa kingehusu mtoto aliyechelewa kuamka na kukuta mambo yameharibika sokoni, jua lililokwisha kupenya dirishani lingekuwa ushahidi dhidi yake, na msomaji angelihitaji. Katika kisa hiki jua linachomoza kwa sababu majua ya insha huchomoza. Aya hii unaweza kuikata hapa ukaibandika mbele ya kisa cha arusi, cha wizi wa benki au cha msiba wa jirani bila kugusa neno hata moja isipokuwa nyanya, na hiyo ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba haikushonwa kwa kipimo cha mtu yeyote.

Sioni sababu ya kuwacheka watoto hao. Wanajaribu nguo za wakubwa, na msamiati hauingii kichwani bila kuvaliwa kwanza mahali pasipofaa. Wengi huacha wanapokua. Shida huanza pale mtindo unapohitimu pamoja na mwenye nao na kupata ajira ofisini, ambako hubadilisha mavazi: matlai na Jalali hubaki shuleni, na mahali pao huja maneno ambayo kila mmoja peke yake ni mepesi na ya kawaida kabisa. Tazama tangazo la aina hii, ambalo pia nimelitunga kwa kufuata mazoea:

"Wateja wetu wapendwa, tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwataarifu kuwa, kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika suala zima la miundombinu ya usambazaji, huduma ya maji itakuwa katika hali ya kutopatikana wakati mchakato wa marekebisho ukiendelea kufanyiwa kazi."

Maana yake ni kwamba bomba limepasuka na maji hayatatoka mpaka mafundi walizibe. Hakuna neno hapo ambalo abiria wa daladala hangelielewa, na bado sentensi nzima imetuna. Ukizichunguza nyuzi zake utaona kwamba pamba ya Kiswahili cha ofisini, hasa Tanzania, imo katika nomino za kutangulizwa: suala zima la elimu, zoezi la usafi, mchakato wa malipo, hali ya utulivu, kitendo cha kuchelewa. Ondoa "suala zima la" na elimu inabaki elimu. Ondoa "zoezi la" na usafi unaendelea kufanyika. Nomino hizi si mbaya kwa asili, kwa kuwa mchakato ni neno zuri panapokuwa na hatua zinazofuatana, na changamoto ni neno zuri panapokuwa na jambo linalomtaka mtu aonyeshe uwezo wake. Hata hivyo bomba lililopasuka halimtaki mtu aonyeshe uwezo, linamtaka alizibe.

Jambo la pili katika tangazo hilo ni zito zaidi ya urembo. Bomba halimo tena. Changamoto "zimejitokeza", yaani zimekuja zenyewe bila kuletwa na mtu. Huduma "itakuwa katika hali", bila aliyeifunga. Na marekebisho "yanaendelea kufanyiwa kazi", bila anayeyafanya. Katika insha ya mtoto maneno makubwa humwonyesha mwandishi, ambaye anataka aonekane. Katika tangazo la ofisi maneno makubwa humficha. Kiingereza hutumia neno "bombast" kwa hali ile ya kwanza zaidi kuliko hii ya pili, na mwandishi makini wa Kiingereza angeitafutia ya pili jina jingine la lugha ya kiofisi, lakini kwa msomaji wa kawaida madhara yanafanana: amesoma maneno zaidi ya thelathini na hajui afungue bomba saa ngapi.

Uwiano hubadilika pia kwa mahali. Kitabu cha shule cha Kenya kitaandika "tarakilishi" na "rununu" bila kuona haya, kwa kuwa ndiyo maneno yaliyofundishwa darasani. Mtu wa Dar es Salaam anayesema "kompyuta" na "simu ya mkononi" huyasikia maneno hayo kama ya sherehe. Kinachoitwa kiamshakinywa Nairobi huitwa kifunguakinywa Dodoma, na katika nyumba nyingi za pande zote mbili huitwa chai tu, hata kama mezani pana mihogo na maharage. Kwa hiyo mtu wa bara anayemcheka Mmvita, yaani mtu wa Mombasa, kwa kusema "kurauka" amefanya kosa la kumpima mwenzake kwa utepe wake mwenyewe. Neno linakuwa pamba pale tu ambapo msemaji na wasikilizaji wake wote wana neno jingine la kawaida, na msemaji ameliepuka ili asionekane wa kawaida.

Hili linatupeleka kwenye upande wa neno "bombast" ambao kamusi hazina nafasi ya kuueleza, nao ni kwamba neno hili limekuwa silaha tangu mwanzo. Miongoni mwa matumizi yake ya mapema na maarufu ni yale ya kijitabu kilichochapishwa mwaka 1592 kwa jina la Robert Greene, mara baada ya kifo chake. Greene alikuwa msomi wa chuo kikuu, na kijitabu kinawaonya wasomi wenzake dhidi ya mwigizaji mmoja, "kunguru aliyeibuka juzi" na kujirembesha kwa manyoya yao, anayedhani kwamba anaweza kulijaza pamba shairi kama aliye bora kati yao. Mwigizaji huyo ni William Shakespeare. Hakuwa amesoma chuo kikuu, na alikuwa akianza kuwapokonya wasomi hadhira yao. Tunajua sasa ni nani kati yao aliyekuwa na mwili wa kuijaza nguo.

Shakespeare mwenyewe, katika Othello, tamthilia ya miaka ya mwanzo ya karne ya 17, alilitia neno hilo kinywani mwa mtu ambaye hatutakiwi kumwamini. Iago amenyimwa cheo, na katika onyesho la kwanza kabisa analalamika kwamba Othello aliwakwepa waliomwombea kwa maelezo ya "bombast" yaliyoshindiliwa misamiati ya vita. Tunaisikia tuhuma kabla hatujamsikia mtuhumiwa. Othello, Mwafrika katika utumishi wa Venisi, anapokuja kusimama mbele ya baraza na kueleza jinsi alivyompata mke wake, anatumia lugha ya juu sana, na mtawala wa Venisi anakiri kwamba kisa kile kingemteka hata binti yake yeye. Maneno yalikuwa makubwa kwa kuwa maisha yaliyosimuliwa yalikuwa makubwa: vita, utumwa, ukombozi, jangwa. Aliyeyaita pamba alikuwa na sababu zake.

Historia ya ukoloni imejaa akina Iago wa aina hii. Nchini India Waingereza walibuni jina la dharau, "Babu English", kwa Kiingereza cha makarani wa Kihindi, na "babu" hapo ni neno la heshima la huko kwa bwana karani, si babu yetu mzaa baba. Barua zao za kuomba kazi zilikusanywa na kuchapishwa ili watu wacheke. Makarani hao walikuwa wamefundishwa lugha hiyo kwa vitabu vya fasihi vya karne zilizotangulia, katika shule zilizoanzishwa chini ya utawala uleule uliowacheka kwa kuandika kama vitabu hivyo. Walikuwa na pamba? Pengine wengine walikuwa nayo. Lakini anayetoa hukumu hiyo lazima kwanza alijue jambo lililokuwa likisemwa na uzito wake kwa aliyelisema, na barua ya kuomba kazi ambayo familia nzima inaitegemea si jambo dogo kwa mwenye kuiandika.

Ipo njia moja ya kuyapima maneno ya fahari ambayo haimtegemei hakimu mwenye wivu, nayo ni kujaribu kuyapunguza. Chukua Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir lililotungwa katika mazingira ya Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, uliokwisha kuanguka. Lugha yake ni ya juu, ya Kiamu cha kale, yenye Kiarabu kingi, na msomaji wa leo huhitaji maelezo ya maneno ili aielewe. Kwa kipimo cha ugumu lingekuwa la kwanza kushtakiwa. Lakini angalia linavyosimulia majumba ya matajiri waliokufa: madaka ya kutani, yaliyokuwa ya kupangia sahani za thamani, sasa yamelaliwa na "wana wa nyuni", na makinda ya popo yananing'inia juu. Daka, sahani, ndege, popo. Kila neno limebeba kitu kinachoonekana kwa macho, na ukiondoa kimoja anguko la nyumba linapungua. Jaribu kufanya hivyohivyo kwa tangazo la maji: ukiondoa nusu ya maneno, linazidi kueleweka.

Linabaki suala la jinsi ya kulisema neno hili kwa Kiswahili, kwa kuwa hatuna neno moja linalolingana nalo pande zote. "Mbwembwe" linakaribia, lakini ni pana mno: mtu hufanya mbwembwe kwa kutembea, kwa kuvaa na kwa kupiga chenga, wala si lazima afungue mdomo. "Madoido" mara nyingi hupendwa na hayana lawama ya kutosha. "Maneno makubwa" ndiyo kauli ya kawaida, na katika mazungumzo inatosha, ila inaweza pia kumaanisha vitisho au matusi mazito. Kwa maandishi ya uhakiki mimi hupendelea "usemi wa kujitutumua", kwa sababu kututumka ni kuvimba, na kiambishi cha kujirejea kinaonyesha kwamba uvimbe huu mtu amejitia mwenyewe, sawa na mwenye koti la pamba. Hata hivyo kauli hiyo itafaa pale tu neno la Kiingereza linapotumika kwa maana yake ya kamusi. Mwalimu wa Eldoret anayeandika "bombastic" pembeni ya insha ya mwanafunzi wake, akaweka na alama ya vema, amekusudia msamiati mpana, na mfasiri atakayeandika hapo "kujitutumua" atakuwa amemtukana mtoto kwa niaba ya mwalimu ambaye hakumtukana.